Pampu ya kahawia iko chini ya khanga tangu Januari, naogopa kuizoea

Shikamoo Mama,

Nakuandikia saa tisa usiku, nimekaa kitandani nimeegemea mito miwili, maana nikilala chali pumzi haiji.

Nina miaka 38, nina watoto watatu, tunaishi Dodoma mjini, upande wa Kizota. Nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga na kukoboa mahindi, huu ni mwaka wa nne. Kazi yangu ni kupima unga na kufunga viroba, vya kilo 5, 10 na 25. Nasimama palepale unga unapotokea, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Nikirudi nyumbani mwanangu wa mwisho huniita bibi, kwa jinsi nyusi zinavyokuwa nyeupe.

Shida ilianza Juni mwaka jana. Kwanza mafua ya kupiga chafya na macho kuwasha, kisha kikohozi kikavu cha usiku. Nikadhani ni upepo, si unaujua upepo wetu wa kiangazi, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Nikanywa dawa za kikohozi, nikanywa amoksilini, nikanywa azuma mara mbili. Makohozi nimepimwa kifua kikuu mara tatu, hawakuona kitu. Kikohozi kikabaki, kikaongezeka kubanwa. Usiku kifua kinalia kama birika linalokaribia kuchemka. Nyumba tunayopanga ina ngazi nne tu mlangoni, na nikiwa na ndoo ya maji lazima niitue katikati.

Januari mwaka huu nilizidiwa nikapelekwa hospitali. Daktari alinipulizisha kwenye kifaa, akanivutisha dawa, akanipulizisha tena baada ya robo saa, akasema ni pumu. Akanipa pampu mbili. Ya bluu nivute nikibanwa. Ya kahawia nivute asubuhi na jioni kila siku, hata nikijisikia mzima. Foleni ilikuwa ndefu, sikuuliza zaidi.

Nilipofika nyumbani mama mkwe aliziona. Akaniambia dada yake aliugua pumu, akaanza pampu, na alikutwa amefariki pampu ikiwa mkononi. "Mwanangu, hiyo ukiianza umejifunga nayo mpaka kaburini." Ile ya kahawia nikaiweka kabatini chini ya khanga. Mpaka leo sijaifungua.

Natumia ya bluu tu. Ya kwanza ilikaa mpaka Machi. Sasa hivi moja haimalizi mwezi. Nikibanwa sana nakwenda duka la dawa pale mtaani, kijana ananipa vidonge vidogo vyeupe, nameza sita kwa pamoja kila asubuhi kwa siku tano, nakuwa safi kabisa. Nimefanya hivyo mara nne tangu Februari. Vinanipa njaa na mashavu yamejaa, watu wanasema nimenawiri.

Mwezi wa tano nilifiwa na baba mdogo, nikaenda Mpwapwa siku kumi na mbili. Huko nilipika msibani kwa kuni, na sikuvuta pampu hata mara moja baada ya siku ya nne. Nikasema Mungu ameniponya. Nimerudi kazini, siku ya tatu nikaamka usiku natafuta pumzi.

Mume wangu ni bodaboda, fedha yetu ni ya kuhesabu. Nakuomba uniambie ukweli. Nivumilie na hii ya bluu mpaka nitakaposhindwa kabisa, ndipo nianze ile ya kila siku? Sitaki kuwa mtumwa wa dawa na umri huu. Na nikiianza, kuna kuiacha?

Mwenye kifua, Kizota

Marahaba mwanangu, na pole kwa usiku huo wa mito miwili.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikapiga mstari chini ya mambo mawili: vile vidonge vidogo, na msiba wa Mpwapwa. Nitayafikia. Nianze na ulichouliza.

Usivumilie. Itoe hiyo pampu chini ya khanga, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama bado ni nzima, anza leo jioni kama daktari alivyokuandikia. Kisha ndani ya wiki hii rudi hospitali, kwa sababu mtu anayeamka usiku kutafuta pumzi na kumaliza pampu ya bluu kabla ya mwezi kuisha, pumu yake imetoka mkononi. Ukifika usiseme "nimekuja kuongeza dawa." Sema ulivyoniambia mimi: hukuitumia ile ya kahawia, na sababu yake. Hakuna daktari wa maana atakayekugombeza kwa kusema kweli, na asipojua hilo atadhani dawa imeshindwa, akupandishe kwenye dawa kubwa zaidi bure.

Sasa nikueleze pampu hizi zinafanya nini, maana Januari hukupewa nafasi ya kuuliza. Mwenye pumu, kuta za mirija yake ya hewa zimevimba kwa ndani na ziko kama kidonda kibichi. Kidonda hicho kikiguswa na vumbi, moshi au baridi, misuli inayozunguka mirija inajikaza, ute unajaa, na njia inabaki nyembamba kama mrija wa soda ulioung'ata. Pampu ya bluu ni salbutamoli. Inalegeza misuli ile ndani ya dakika chache, unapata nafuu ya saa nne mpaka sita, basi. Uvimbe haiugusi. Ya kahawia, ambayo mara nyingi ni beklometasoni au ndugu yake budesonidi (soma jina kwenye kopo, usitegemee rangi, viwanda havifanani), ndiyo inayotuliza uvimbe wenyewe. Haikupi nafuu ya papo hapo, na ndiyo maana watu wanaidharau. Inachukua siku kadhaa mpaka wiki mbili kuanza kuonekana, na miezi kwa kidonda kutulia sawasawa.

Unaogopa kuzoea dawa, nami nakuonyesha kwa hesabu zako mwenyewe dawa uliyokwisha kuizoea. Pampu ya bluu ina mivuto 200. Ikiisha kabla ya mwezi, unavuta zaidi ya mara sita kwa siku. Miongozo ya kimataifa ya pumu, ile ya GINA, inahesabu pampu tatu tu za namna hiyo kwa mwaka kuwa dalili ya hatari ya kuzidiwa, na ikifika pampu kumi na mbili, hatari inayotajwa ni ya kifo. Tangu mwaka 2019 miongozo hiyo imeacha kabisa kupendekeza mtu mzima mwenye pumu atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Inalegeza misuli huku uvimbe ukizidi kukua chini yake, na kadiri unavyoivuta mara nyingi ndivyo inavyokufaa kwa muda mfupi zaidi.

Nimefanya kazi wodini miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Usiku mmoja walituletea fundi seremala, amekaa kwenye machela ameshika magoti, hawezi kumaliza neno moja. Tulipomvua koti tukakuta pampu tatu za bluu mfukoni, zote tupu, zimejaa unga wa mbao. Yule tulimwahi. Wapo ambao hatukuwawahi, na mara nyingi nilichokabidhi kwa ndugu pamoja na nguo na simu ya marehemu kilikuwa pampu ya namna hiyohiyo.

Nije kwenye vidonge vidogo vyeupe. Sita kwa asubuhi, siku tano, njaa, mashavu kujaa: kwa maelezo hayo naamini ni prednisoloni ya miligramu 5. Angalia jina kwenye karatasi yake. Mwanangu, hiyo ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na ile ya kahawia unayoikimbia ni steroidi pia. Tofauti ni njia inayopita na kiasi. Sita za miligramu 5 ni miligramu 30 kwa siku, kwa siku tano ni miligramu 150, inayozunguka na damu mwili mzima: kwenye mifupa, kwenye macho, kwenye sukari, kwenye presha. Ile ya kuvuta, tuseme mivuto miwili ya maikrogramu 100 asubuhi na miwili jioni, ni maikrogramu 400 kwa siku, na inashuka kwenye mirija moja kwa moja. Miligramu 150 ni maikrogramu 150,000. Gawanya kwa 400 upate siku 375. Kwa uzito peke yake, na nasema uzito kwa sababu dawa hizi mbili hazilingani nguvu, kozi moja ya siku tano ya kijana wa duka inazidi mwaka mzima wa pampu. Nawe umekunywa kozi nne ndani ya miezi michache.

Miongozo hiyohiyo inasema hata kozi nne au tano katika maisha yote ya mtu mzima zinaanza kuongeza hatari ya kisukari, mtoto wa jicho, mifupa kuwa dhaifu na moyo kushindwa kazi. Sisemi ni sumu. Siku ya kuzidiwa prednisoloni inaokoa maisha, na daktari akikuandikia, meza. Ninachokataa ni kuinunua mtaani kila mwezi bila mtu kukuangalia sukari wala presha, kisha watu wakuambie umenawiri. Hospitali omba upimwe vyote viwili. Na ikitokea umeitumia kila siku kwa wiki tatu au zaidi, usiikate ghafla kwa uamuzi wako.

Huo utumwa unaouogopa unaletwa na kuchelewa, na hili lilipimwa kwa watu. Mwaka 1991 watafiti wa Ufini walitoa matokeo ya watu 103 waliogundulika na pumu karibuni. Nusu walipewa steroidi ya kuvuta tangu mwanzo, nusu walipewa dawa ya kulegeza misuli tu, ya jamii moja na hiyo yako ya bluu. Miaka miwili. Wale wa steroidi walikuwa na hali nzuri zaidi, hilo halikushangaza. Mwaka wa tatu ndio wenye somo lako. Waliocheleweshwa nao wakaanzishiwa steroidi, wakapata nafuu, lakini hawakufika walipofika wenzao walioanza mapema. Wale wa mapema nao waligawanywa: waliopunguziwa dozi wengi wao walibaki salama kwenye dozi ndogo, na kati ya waliopewa pampu isiyo na dawa, takribani theluthi moja waliendelea vizuri bila dawa yenyewe. Matokeo hayo ya mwaka wa tatu yalitoka 1994.

Uvimbe ukiachwa miaka, ukuta wa mirija unaanza kujijenga upya kwa kovu, unakuwa mnene na mgumu, na kovu halirudi nyuma kwa dawa. Wewe una miezi kumi na minne tu tangu kikohozi cha kwanza. Bado uko mapema. Ndiyo maana naandika kwa haraka hivi.

Umeuliza kama kuna kuiacha. Nikikuambia pumu ya ukubwani inapona na kusahaulika nitakuwa nimekudanganya, kwa wengi inabaki. Lakini dozi inashuka. Utaratibu ni kwamba ukikaa miezi mitatu umetulia, yaani hulali na mito miwili, hugusi ya bluu ila kwa nadra, ngazi nne na ndoo unazipanda, daktari anapunguza dozi kwa robo mpaka nusu, anakuangalia miezi mitatu mingine, anapunguza tena. Wapo wanaoishia mvuto mmoja kwa siku. Ipo pia pampu ya aina nyingine yenye budesonidi na fomoteroli pamoja, ambayo wenye pumu nyepesi huvuta pale tu wanapobanwa, na ndani yake wanakuwa wamepata dawa ya uvimbe papo hapo. Uliza kama inapatikana na kama inakufaa. Usilofanya ni kupunguza mwenyewe kwa sababu umejisikia vizuri wiki mbili.

Na wewe una sababu ya kutumaini kuliko wengi, sababu ambayo uliipita haraka kwenye barua. Mpwapwa.

Siku kumi na mbili. Umepika kwa kuni, moshi wa msibani tunaujua, umelala chini na wanawake wenzako, umelia, na kifua kikanyamaza. Ukarudi kwenye unga, siku tatu, kikafunguka. Mungu yupo, simwondoi, lakini hapo alikuwa anakuonyesha kitu. Yaelekea pumu yako imeletwa na kazi. Vumbi la nafaka na unga, pamoja na wadudu na ukungu wa ghalani vinavyosagwa humo humo, linajulikana zamani sana kwa kufanya hivi; daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika mwaka 1700 juu ya wapepeta na wapima nafaka wanaokosa pumzi. Haianzi siku ya kwanza. Mwili unakaa na vumbi miezi au miaka, kisha siku moja unalikataa. Mara nyingi mafua ya chafya na macho kuwasha hutangulia, na wewe umeyataja mwenyewe bila kujua. Tena vumbi la saa nne asubuhi linaweza kukukaba saa nane usiku, ndiyo maana mtu halihusishi na kazi na analaumu upepo. Upepo wa Dodoma una dhambi zake, ila huu si wake peke yake, maana ungekufuata Mpwapwa.

Inakadiriwa takribani mtu mzima mmoja kati ya sita wanaopata pumu, kazi ina mkono wake. Na kwa hawa wa kazini, wakiondolewa kwenye kinachowadhuru, karibu theluthi moja dalili hukoma kabisa, na walioondoka mapema ndio wenye bahati hiyo zaidi. Kila mwezi unaozidi pale kwenye mdomo wa mashine unakupunguzia nafasi. Kwa hiyo pampu ni nusu ya tiba yako. Nusu ya pili ni kutoka kwenye unga.

Najua ninachosema kwa mwanamke mwenye watoto watatu na mume wa bodaboda. Sikuambii uache kazi kesho. Chukua daftari la mwanao, kila siku andika: nimeenda kazini au sijaenda, nimevuta bluu mara ngapi, nimeamka usiku au la. Kama hospitali au famasi wanakipata kile kipima pumzi cha mkononi, bomba dogo lenye mshale unalipuliza kwa nguvu, andika namba yake asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala, siku za kazi na siku za kupumzika. Daftari hilo likionyesha namba inashuka siku za kazi na kupanda ukiwa nyumbani, daktari anakuwa na cha kushika mkononi. Usisubiri lijae ndipo uende, nenda nalo lilivyo. Ukiacha kazi kimyakimya bila jambo hili kuandikwa na daktari, baadaye itakuwa vigumu kuthibitisha chochote.

Mwajiri wako mwendee kwa adabu, ukiwa na cheti. Mwombe akuhamishe kwenye kupokea wateja au kushika hesabu, chumba kingine, mbali na vumbi. Kuna mashine nimeziona, ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoning'inia kwenye mdomo wa unga umechanika na kufungwa kwa kamba ya katani, kila kiroba kikijaa linatoka wingu. Kushona mfuko ni shughuli ya jioni moja, na kutawasaidia wenzako ambao bado hawajaanza kukohoa. Sakafu isifagiliwe kavu. Barakoa ya kitambaa haikukingi, na hata ile nzito ya kuchuja vumbi, kwa mwili uliokwisha kulikataa, inapunguza tu. Akigoma, ujue ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake, WCF, umekuwa ukifanya kazi tangu 2015. Unawahusu waajiri wa umma na wa binafsi Tanzania Bara, na magonjwa yatokanayo na kazi yamo. Hutafuti ugomvi kwa kuuliza.

Sasa namna ya kuvuta, maana nimeona watu wakijipulizia mdomoni kama marashi. Tikisa kopo. Toa pumzi yote nje. Ziba mdomo wa pampu kwa midomo yako, anza kuvuta hewa taratibu na hapohapo ubonyeze mara moja, endelea kuvuta mpaka kifua kijae, shikilia pumzi uhesabu kumi. Subiri nusu dakika, rudia. Ukimaliza ile ya kahawia, sukutua na uteme maji, kila mara, la sivyo utapata utando mweupe mdomoni na sauti kukwaruza, na utasema mama mkwe alikuwa na haki.

Mikono na pumzi zikikataa kwenda pamoja, tengeneza chupa. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ioshe, ikauke. Pasha waya uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa pampu, toboa kitako cha chupa, chomeka pampu ikae kwa kubana, zungushia gundi pasipite hewa. Bonyeza mara moja, vuta kupitia mdomo wa chupa, taratibu. Hii si kubahatisha: madaktari wa Cape Town waliijaribu kwa watoto waliobanwa, wakachapisha mwaka 1999, na chupa ya nusu lita iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani.

Upande wa fedha, pampu ya kahawia yenye mivuto 200, kwa mivuto minne kwa siku, inakaa siku 50. Andika tarehe ya kuianza kwenye kopo kwa kalamu. Mume wako mwekee hesabu ya bluu za kila mwezi, vidonge, nauli na siku ulizolala bila kwenda kazini, aione.

Ya bluu usiitupe. Iwe karibu nawe. Siku ukishindwa kumaliza sentensi, au midomo imeanza kugeuka rangi, au nafuu yake haidumu hata saa tatu, hiyo ni safari ya hospitali, si ya duka la dawa. Vuta mivuto minne, mmoja baada ya mwingine kwa chupa, rudia kila dakika ishirini huku uko njiani. Mumeo ana pikipiki, mkubaliane leo kwamba usiku wa namna hiyo mafuta hayakosekani kwenye tangi. Kama inabidi kukushikilia, mtu wa tatu akae nyuma yako.

Mambo madogo: jiko la mkaa lipikie nje au mlangoni, nyunyiza maji kabla ya kufagia uwanja, nguo za kazini zivulie nje na usizichanganye na mashuka. Ukimwona mganga yeyote kwa jambo lingine, mwambie una pumu kabla hajakuandikia dawa ya presha au ya maumivu, zipo zinazobana kifua.

Mama mkwe wako usimjibu kwa ukali. Amezika dada yake, na alichokiona ni pampu mkononi. Ngoja mwezi uishe, ukishalala usiku mzima kwa mto mmoja naye amekuona, umkalie karibu umuulize taratibu kama anakumbuka ile pampu ilikuwa ya rangi gani, na kama marehemu aliwahi kupewa ya pili.